Mende wa Nyuma ya Sanduku la Mama

Majirani zangu wa Mabatini watafurahi sana wakisikia haya, na wafurahi tu, mimi nimeshachoka kuficha. Nyumbani kwangu kuna mende.

Kwa miaka mingi nilikana. Kila Jumamosi nilivuta makabati, nikamwaga maji ya moto kwenye pembe, nikachora mistari ya chaki ya mende kwenye vizingiti vyote mpaka baba watoto akaniuliza kama nafungua shule ya chekechea. Jirani akija kunilalamikia mende wake nilimtazama kwa huruma ya uongo, nikamwambia, "Pole dada, ni usafi tu." Mdomo wangu huu umeniponza mara nyingi.

Ukweli ni kwamba ule haukuwa usafi. Ulikuwa woga. Nilipokuwa shule ya bweni, mende alinitembelea mdomoni nikiwa nimelala, nikaamka nimeshamng'ata. Sisemi zaidi. Tangu siku hiyo mimi, mama wa watoto wanne, niliyewahi kumkimbiza mwizi wa ndoo dukani kwangu kwa ufagio hadi barabara ya lami, nikimwona mende napanda juu ya kiti na kuita mume.

Na siku ya mende huyu ninayemsimulia, mume hakuweza kuja.

Mama yangu alikuwa kwetu wiki ya tatu. Nilimchukua mwenyewe kutoka Magu baada ya kusikia ameungua mkono kwa sababu hakuliona jiko. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mchana aliona mwanga na vivuli, kitu cheupe kikiwa mahali peusi alikihisi, basi. Nyuso zetu alizijua kwa sauti. Hospitali walimpima, wakasema wataanza na jicho la kulia, Jumatatu asubuhi, na kwamba ni kazi ndogo. Mama akasikiliza vizuri, akashukuru, akarudi nyumbani akakataa.

"Ng'o," alisema. "Wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye kisahani, wanalisugua, wanalirudisha. Na siku wakilidondosha?"

Nilimweleza kwamba hakuna kisahani. Muuguzi naye alimweleza, tena kwa Kisukuma safi, kwamba jicho halitoki, unaondolewa ukungu tu uliotanda ndani yake. Mama akasema huyo binti hawezi kusema ukweli mbele ya wakubwa wake wa kazi. Nilipompigia kelele kuhusu mkono ulioungua, alinijibu kwa methali, kama kawaida yake: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ukishabishana na mtu mwenye methali, umeshindwa tayari.

Jumapili, tuliporudi kanisani na kumaliza kula, akatangaza. "Kesho narudi kwangu. Mpunga unataka kupandikizwa. Nitolee sanduku langu nipange nguo."

Nilihisi machozi ya hasira yananipanda. Nilimjua mama. Akishapanda basi la Magu, hatarudi tena, na safari ijayo hatatumbukiza mkono peke yake motoni, atatumbukia mzima. Lakini mama ni mama. Nikaenda chumbani kwake, nikalishika lile sanduku la bati kwa hasira, nikalivuta kutoka ukutani.

Ukuta wa chumba hicho umepakwa rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea kutoka chini hadi kiunoni, ili mikono ya watoto isionekane. Na pale nyuma ya sanduku, kwenye hiyo kahawia, mende mkubwa alikuwa amejibandika kichwa chini, mkia juu.

"Mama wee!"

Nilikuwa juu ya kitanda kabla sijajua nimefikaje. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda hichohicho, alirushwa kidogo.

"Nyoka?" aliuliza, kwa utulivu kabisa.

"Mende!"

"Ala! Nilidhani nyoka."

Nikamwita baba watoto. Nilisikia kandambili zake zinakuja mbio kutoka uani, halafu zikasimama ghafla nje ya pazia la mlango.

"Mama yumo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yumo."

"Basi siingii."

Patamu hapo. Sisi ni Wasukuma, na kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawali sahani moja, hawapeani mikono, na mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe wake, hata kama nyumba aliijenga yeye mwenyewe tofali kwa tofali. Kwa wiki tatu mume wangu aliishi kwake kama mpangaji mwenye aibu. Mama akitaka kwenda chooni uani, ambako njia yetu ni ya mawe na ngazi kama njia zote za huku kwetu mlimani, mimi nikiwa dukani yeye alitangulia mbele bila kumgusa wala kumtazama, akawa anamwongoza kwa kukohoa. Kikohozi kimoja, ngazi ya kupanda. Viwili, ya kushuka. Hakuna aliyewafundisha, na hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Mama alikuwa akisikia kikohozi anainua mguu.

"Mama atoke kwanza," akasema mume wangu nyuma ya pazia.

"Nitoke kwa sababu ya mende?" mama akasema, akiuambia ukuta. "Siendi popote."

"Hata akitoka," mume wangu akaongeza kwa huzuni, "kitanda chake si kimo?"

Ilikuwa kweli. Kitanda kimo. Dawa ya kupuliza iliisha mwezi uliopita. Pazia likatikisika chini, mkono wake ukapita sakafuni mpaka kwenye kiwiko, ukaacha kandambili moja ya bluu, ukarudi.

"Mpige," alisema. "Pigo moja. Usifumbe macho."

Nikashuka. Nikaichukua kandambili. Mama alikuwa ameanza kucheka kimyakimya, mabega yanamruka.

"Unaogopa kitu ambacho hata kuku anakila," alisema. "Halafu unaniambia mimi nisiogope kisu."

"Mama, usinianze."

"Sikuanzi. Nasema tu."

Nilisogea hatua mbili, mkono juu. Mende hakukimbia. Hilo lilinishangaza kwanza, kwa sababu mende ninaowajua mimi wana mbio kuliko dhambi. Huyu alitulia, nikadhani amekufa. Kisha nikaona kwamba mgongo wake umepasuka. Kulikuwa na ufa umenyooka katikati, kutoka shingoni kushuka chini, na ndani ya ufa kulikuwa na kitu cheupe.

"Umeua?" mume wangu akauliza.

"Bado. Ana jambo."

"Ana jambo gani?"

Kile cheupe kilikuwa kinavimba. Kinavimba, kinapumzika, kinavimba tena, na kila kikivimba ule ufa unaongezeka upana kidogo. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu na kandambili yake. Nikaushusha. Najua nilitakiwa kupiga wakati ule, maana asingeweza hata kujitetea, lakini sijawahi kuona kitu kinajikaza namna ile nikakipiga.

"Kuna nini?" mama akauliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Umenyamaza. Wewe hunyamazi."

"Anavua, mama. Anavua ngozi."

Mama akainuka. Alipapasa ukingo wa kitanda, akapapasa sanduku, akachuchumaa kando yangu, mifupa yote ikilia. Alisogeza uso wake karibu na ukuta kiasi kwamba mimi ndiye niliyesisimka.

"Simulia," aliniamuru.

Basi nikasimulia. Sijui tulikaa pale muda gani, pengine nusu saa, pengine zaidi, jua la alasiri likiingia dirishani. Nilimwambia kwamba kwanza ametoa mgongo, umejikunja kama mtu anayetoka kupitia dirisha dogo. Kisha kichwa. Kisha nikamwambia kuhusu miguu, jinsi alivyokuwa anaivuta mmojammoja kutoka ndani ya ile ya zamani, polepole, kama unavyovua suruali iliyolowa, na kila mguu ukitoka unatetemeka kidogo. Yale masharubu yake marefu yalichukua muda kuliko vyote. Yalikuwa membamba kama uzi, na aliyachomoa yote mawili kutoka ndani ya mengine yaliyo membamba vilevile, na hayakukatika. Mimi nashona, nina mashine dukani. Najua uzi. Nilibaki mdomo wazi.

"Jamani," nilisema. "Jamani, mama."

"Endelea."

"Ametoka. Ametoka mzima. Ni mweupe, mama. Mweupe pe, kama maziwa. Ngozi ya zamani imebaki ukutani imesimama, ina umbo lake lote, utadhani kuna mende wawili."

"Namwona," mama akasema.

Nilimgeukia. Alikuwa amenyoosha kidole, na kidole kilikuwa sawasawa, nusu shubiri tu kutoka kwa yule mnyama.

"Kuna kitu cheupe pale. Kinasogea."

Ni kwa sababu ya ile rangi ya kahawia, bila shaka. Lakini wiki tatu nzima mama alikuwa hajanionyesha kitu kwa kidole. Nilimwambia ndiyo, ndiye.

Halafu mbawa zikaanza. Mgongoni alikuwa na vitu viwili vimekunjamana, vidogo, nikadhani ni vilema. Vikaanza kufunguka. Hakuna aliyevishika, hakuna aliyevinyoosha, vikafunguka vyenyewe kama kanga unapoikung'uta, mpaka vikamfunika mpaka mkiani, vyeupe, na mwanga ukipita ndani. Nimewaua maelfu ya hawa wadudu kwa chaki na maji ya moto. Sikuwahi kujua kwamba wanaweza kuwa wazuri. Nalisema hili waziwazi na majirani wanicheke: alikuwa mzuri, na nilimwogopa, lakini si kama nilivyozoea kumwogopa. Niliogopa kama unavyoogopa ukiingia mahali bila viatu.

"Amevua kila kitu?" mama aliuliza.

"Kila kitu."

"Na machoni?"

Sikuwa nimetazama. Nikasogeza kichwa karibu, karibu kuliko nilivyowahi kumkaribia mende tangu lile tukio la bwenini. Nilitazama ile ngozi iliyobaki ukutani. Pale kwenye kichwa, mahali pa macho, kulikuwa na vifuniko viwili, vyepesi, kama ganda la kitunguu. Vilikuwa vimebaki pamoja na ngozi.

"Na machoni, mama. Ameacha maganda ya macho."

"Na jicho lenyewe?"

"Analo. Yote mawili. Meusi, yanang'aa."

Nje ya pazia mume wangu alikohoa kikohozi kisicho na maana yoyote, cha kutukumbusha tu kwamba yupo.

"Nipe hiyo ngozi niishike," mama akasema.

"Mama, siwezi."

"Yeye amevua mpaka machoni, peke yake, kichwa chini. Wewe huwezi kuchukua ngozi?" Akageuza uso wake upande wa sauti yangu. "Sikiliza, mayu." Kwetu maana yake ni mama, naye huniita hivyo akitaka tuzungumze kama watu wazima wawili. "Uichukue kwa vidole vyako, bila karatasi, bila kitambaa. Na huyo humuui. Ukifanya hivyo, kesho nakwenda hospitali."

"Unaapa?"

"Mimi si wewe. Nikisema nimesema."

Sasa fikiria hesabu yangu. Mende mzima, mwenye mbawa mpya, nimwache hai ndani ya nyumba yangu, azae. Na mkono wangu upite kando yake, sentimita mbili, yeye akinitazama na yale macho yake mapya. Nilihisi ladha ile ya bwenini mdomoni. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja.

"Kuna nini huko?" mume wangu akauliza.

"Nyamaza!" tukamjibu mimi na mama kwa pamoja. Mama alipogundua amemwambia mkwe wake anyamaze, alifunika mdomo kwa kanga.

Nikanyoosha mkono. Nikaurudisha. Nikanyoosha tena. Vidole vyangu viwili viliishika ile ngozi mgongoni, na haikuwa na uzito hata kidogo, nilijiona nimeshika hewa iliyokauka. Miguu yake ilikuwa imeng'ang'ania ukuta, nikaivuta taratibu. Yule mweupe akasogea. Hatua moja. Masharubu yake yakanigusa kwenye ukucha.

Sikupiga kelele. Mpaka leo sijui kwa nini.

Niliiweka ile ngozi kwenye kiganja cha mama, kile chenye kovu la moto. Aliipapasa kwa ncha ya kidole cha mkono mwingine, kwa uangalifu mkubwa, mpaka akafika kichwani. Alikaa hapo kichwani muda mrefu.

"Nyepesi," alisema. "Nilidhani itakuwa na damu."

Kisha akaniambia nitafute kiberiti kitupu, tuiweke humo. Sanduku tukalirudisha ukutani taratibu tusimbane mwenyewe. Nilipotoka na kandambili safi, mume wangu aliitazama soli, akanitazama mimi.

"Yuko wapi?"

"Yumo ndani. Ni wa mama. Usiulize."

Jumatatu hatukupanda basi la Magu. Mume wangu alitangulia mbele akikohoa, mama katikati, mimi nyuma na kikapu. Kwenye ngazi za hospitali alikohoa mpaka mlinzi akamwonyesha upande wa wagonjwa wa kifua. Mama alipoitwa, aliniachia mkono yeye mwenyewe. Mlangoni aligeuka akauliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kisahani hakuna?" Muuguzi akasema hakuna. Mlango ukafungwa, na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikakaa kwenye benchi nikalia kama mtoto.

Kesho yake wakamfungua bandeji. Alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Una mvi," alisema. "Hakuna aliyeniambia una mvi."

Tukatoka. Kutoka pale mlimani ziwa linaonekana lote, na asubuhi ile lilikuwa limetulia, mawe yamesimama ndani yake kama kawaida. Mama alisimama. Mimi hupita pale kila siku sisimami. Alivuta pumzi tu, akaishika, kisha akaiachia. Mume wangu alikuwa ameshafika kwenye ngazi, akakohoa mara mbili.

"Mwambie mkwe wangu apumzishe kifua," mama akaniambia. "Ngazi naiona."

Mume wangu alisikia. Hakugeuka, adabu haimruhusu, lakini nilimwona anajifuta uso kwa mkono wa shati.

Nyumbani mama aliomba kiberiti chake. Aliitoa ile ngozi akaenda nayo dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaniuliza hilo jicho lingine watalifanya lini. Nikasema baada ya wiki kadhaa. Akasema mbona mbali.

Nikaenda jikoni kupika. Ugali ulikuwa unakaribia kuiva niliposikia ananiita kutoka chumbani, tena kwa nguvu: "Mayu! Njoo upesi! Mende!"

Jamani, mazoea ni kitu kibaya. Nilinyakua kandambili, nikaingia mbio, mkono juu. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, mbali na ukuta, hatua nne nzima. Sanduku lilikuwa limesogezwa. Alikuwa amenyoosha kidole chini, kwenye ile rangi ya kahawia iliyokolea, na mimi mwenye macho mawili ilibidi nitafute. Nilitafuta kweli. Kisha nikamwona. Hakuwa mweupe tena. Alikuwa kahawia juu ya kahawia, ametulia, masharubu tu yanacheza.

Nikainua kandambili.

"Shusha hiyo," mama akasema. "Sikukuita umuue. Nimekuita ujue kwamba namwona."

Nikaishusha. Nje ya pazia zile kandambili nyingine zikaja mbio, zikasimama.

"Umeua?" mume wangu akauliza.

"Hapana," nikamjibu. "Mama anamtazama."